Kijana Huyu ni Wetu

Februari 2014 nilikuwa Lansing, mji mkuu wa jimbo la Michigan kule Marekani, na theluji ilikuwa imefika magotini. Nilikuwa mwanafunzi, sina gari, sina ndugu, na joto pekee la bei nafuu nililolijua lilikuwa kwenye mgahawa mmoja mdogo wa mayai na kahawa karibu na kituo cha basi. Humo wazee watano au sita walikuwa na meza yao. Wastaafu, wengi wao wa viwanda vya magari, weusi kwa weupe, na walikutana pale karibu kila asubuhi. Kwetu Dar tungekiita kijiwe, tukamaliza. Kilichokosekana ni bao tu.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ule niliwakuta wamechangamka kupita kiasi. Mmoja wao ameshika karatasi yenye majina ishirini na kitu. Anasoma jina, wenzake wanadakia: huyu mzito, huyu ana mbio, huyu mama yake alitaka aende chuo kingine. Nikauliza kuna nini. "Leo vijana wanasaini," nikajibiwa. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni usajili! Yaani nimevuka bahari, nimefika kwenye nchi ambayo mpira wao unachezwa kwa mikono kuliko miguu, na bado nimewakuta watu wazima wakigombana juu ya mchezaji ambaye hawajawahi kumwona akicheza, vilevile kama watu wa Simba na Yanga dirisha linapofunguliwa.

Tofauti ilikuwa moja, na niliichukua muda kuielewa. Vijana waliokuwa kwenye karatasi ile walikuwa na miaka kumi na saba, kumi na minane. Walikuwa wanamaliza sekondari. Timu waliyokuwa wanasaini si klabu, ni chuo kikuu: Michigan State, chuo kilichoko East Lansing, jirani kabisa na pale tulipokaa. Hakuna ada ya uhamisho, hakuna mshahara. Kijana anasaini karatasi, anaituma kwa faksi (ndiyo, bado ilikuwa faksi), na anachoahidiwa ni ufadhili wa masomo: ada, chumba, chakula, vitabu. Naye analeta mwili wake.

Kila jina kwenye karatasi lilikuwa na nyota. Mbili, tatu, nne. Wachache sana tano. Nyota hizo hutolewa na kampuni ambazo kazi yake ni kuwapima watoto wa sekondari na kuwauzia mashabiki habari zao. Wazee walizisoma kama watu wanaosoma bei sokoni. Na kila waliporidhika na jina, mmoja wao alisema neno ambalo sikulitilia maanani siku ile, ila limenikaa kichwani mpaka leo: "Huyu ni wetu."

Ndugu msomaji, makala haya ni historia ya neno hilo. Nani huwa "wetu" kwenye orodha ya wachezaji wapya? Tangu lini? Na mpaka lini?

Mwenye karatasi nitamwita Mzee wa Faili, na sababu utaiona mbele. Alikuwa mtu mweusi mwembamba, sauti ya chini, mikono mikubwa ya fundi. Wenzake walipokuwa wanalalamika kwamba mwaka ule chuo hakikupata vijana wengi wa nyota tano, yeye aliuliza swali moja: "Dennard alikuwa nani alipokuja?" Meza ikanyamaza. Darqueze Dennard, beki wa timu hiyo, alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Jim Thorpe, inayotolewa kwa beki bora wa nyuma katika vyuo vyote vya Marekani, na mwezi mmoja kabla timu ilikuwa imeichapa Stanford 24 kwa 20 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya Mwaka Mpya kule California. Dennard alitoka kijijini Georgia, na hakuwa miongoni mwa vijana waliogombewa na vyuo vikubwa. "Nyota ni za karatasi," akasema mzee. "Mwaka 1963 hapakuwa na nyota hata moja, na hakuna orodha iliyowahi kuja hapa ikaizidi ile."

Nikamuuliza: ipi hiyo?

Akanitazama kama unavyomtazama kijana wa Kariakoo asiyejua nani alikuwa Sunday Manara.

Sasa sikia. Ukitaka kumjua mtu mmoja wa orodha ya 1963, huenda tayari unamjua. Kama ulikua kwenye miaka ya kanda za video, ukaona filamu za Police Academy kwenye banda la mtaani, unamkumbuka yule jitu mpole, Hightower, mrefu kuliko mlango. Yule ni Charles Aaron Smith, ambaye Marekani nzima ilimwita Bubba. Kabla ya filamu alikuwa mlinzi wa kutisha wa Michigan State. Uwanja mzima ulikuwa ukimwimbia amuue mpinzani. Nitalirudia hilo baadaye.

Bubba Smith alizaliwa Texas na kukulia Beaumont, mji ulioko karibu na Ghuba ya Mexico. Baba yake, Willie Ray Smith, alikuwa kocha wa sekondari, tena kocha wa kuheshimika. Mtoto alitaka kuchezea Chuo Kikuu cha Texas, kilichoko Austin, kwenye jimbo lake mwenyewe. Haikuwezekana. Timu ya Texas haikuchukua watu weusi. Wala vyuo vingine vikubwa vya ligi ile. Siyo kwamba walimtazama wakamwona hafai. Hakuwa kwenye hesabu. Hata sekondari za weusi wa Texas zilikuwa na ligi yao ya pembeni, iliyosimamiwa kutoka Prairie View, kwa sababu ile ya jimbo ilikuwa ya shule za weupe. Magazeti makubwa yaliandika habari zao kwa nadra. Kijana angeweza kuwa mchezaji bora kuliko wote kusini mwa nchi, na shabiki wa Austin asilijue hata jina lake.

Basi bwana, zaidi ya kilomita 1,600 kaskazini kulikuwa na kocha mmoja mcheshi, Duffy Daugherty, aliyeiongoza Michigan State tangu 1954. Daugherty alifanya jambo ambalo kwa leo linaonekana dogo: aliwaendesha makocha weusi wa Kusini semina za ufundi, kwa sababu semina za kwao ziliwafungia mlango. Makocha hao wakamjua, wakamwamini. Na kocha akikuamini, anakuambia nani ana kipaji. Hiyo ndiyo ilikuwa tovuti ya wakati ule: mzee mmoja anampigia simu mzee mwenzake.

Mzee Smith akampeleka mwanawe East Lansing. Akamwambia Daugherty kuna kijana mwingine wa Texas, Gene Washington, amchukue pia. Kutoka Anderson, South Carolina, akaja George Webster. Kutoka Cleveland, Ohio, akaja Clinton Jones. Wote hao walianza chuo mwaka 1963. Mwaka uliofuata akaja Jimmy Raye kutoka Fayetteville, North Carolina, aliyecheza nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi. Nafasi ambayo makocha wengi wa enzi zile hawakumwamini nayo mtu mweusi. Akaja pia Bob Apisa, Msamoa kutoka Hawaii, na Dick Kenney, naye wa Hawaii, aliyepiga mpira mguu wake ukiwa peku, hata kwenye baridi ya Michigan.

Mwaka 1966 timu ile ilikuwa na wachezaji weusi wapatao 20, na manahodha wake wawili, Webster na Jones, wote weusi. Tarehe 19 Novemba walikutana na Notre Dame, timu zote mbili hazijafungwa, mbele ya watu 80,011 uwanjani na mamilioni kwenye televisheni. Notre Dame ilikuwa na mchezaji mweusi mmoja tu, Alan Page. Mechi ikaisha sare ya 10 kwa 10. Dakika za mwisho kocha wa Notre Dame, Ara Parseghian, alichagua kupoteza muda badala ya kushambulia, na nikuambie ukweli, mpaka 2014 wazee wa ile meza walikuwa hawajamsamehe. Miezi michache baadaye timu za kulipwa zilipochagua wachezaji, vijana wanne wa orodha ile ya 1963 walikuwa ndani ya majina manane ya kwanza: Smith wa kwanza, Jones wa pili, Webster wa tano, Washington wa nane.

"Mimi nilikuwepo uwanjani," Mzee wa Faili aliniambia. "Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitazama chini nikaona watu weusi wengi kiasi kile, wanashangiliwa na weupe wengi kiasi kile. Nilikuwa sijawahi kukiona kitu hicho popote. Nikasema, hawa ni wetu." Akakoroga kahawa yake. "Halafu mechi ikaisha, nikarudi mtaani kwetu."

Hapo ndipo neno lile lilipoanza kunisumbua. Kwa maana katika miaka hiyohiyo mtu mweusi alipata tabu kubwa kununua nyumba East Lansing, mji wenye chuo. Webster na Smith walikuwa wetu ndani ya uwanja, saa tatu za Jumamosi. Nje ya uwanja, wetu ilikuwa na mipaka yake, na kila mtu aliijua mipaka hiyo ilipopita.

Tena kuna jambo lingine, na hili ndilo mashabiki hatupendi kuliangalia usoni. Ile neema ya Michigan State ilitoka wapi? Daugherty alikuwa mtu mwema na kocha mjuzi, sawa. Lakini Bubba Smith hakuipenda baridi. Alifika East Lansing kwa sababu kwao walimfungia. Orodha bora kuliko zote katika historia ya chuo kile ilikuwa zao la dhuluma iliyofanyika kwingine. Neema yao ilikuwa machozi ya Texas na Carolina.

Na ushahidi ni kilichotokea mlango wa Kusini ulipoanza kufunguka.

Ulianza kufunguka taratibu, na haukufunguka bila gharama. Mwaka 1965 Jerry LeVias alikubali kwenda Southern Methodist, Dallas, akawa mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa mpira kwenye ligi ya Kusini-Magharibi. Angalia alikotoka: Beaumont. Mji uleule wa Bubba, miaka miwili tu baadaye. LeVias alitukanwa, akatishiwa kuuawa, akatemewa mate uwanjani. Huko Kentucky, vijana wawili, Nate Northington na Greg Page, waliingia pamoja na kulala chumba kimoja. Agosti 1967 Page aliumia shingo mazoezini, akapooza. Alifariki 29 Septemba. Kesho yake, tarehe 30, Northington aliingia uwanjani dhidi ya Ole Miss na kuwa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya ligi ya Kusini-Mashariki. Hebu mfikirie kijana wa miaka kumi na tisa, rafiki yake amefariki jana, leo anavaa jezi na historia inamsubiri. Wiki chache baadaye aliiacha timu. Mimi simlaumu.

Halafu kuna hadithi ya Alabama, ambayo kila shabiki wa mchezo ule anaijua. Tarehe 12 Septemba 1970 timu ya Kusini mwa California ilikwenda Birmingham, ikaichapa Alabama 42 kwa 21. Kijana mweusi, Sam Cunningham, aliwapitia weupe wa Alabama kama gari la mizigo: yadi 135. Inasemwa kwamba siku ile mashabiki wa Alabama waligeuka, wakasema, nasi tunataka kama huyu. Hadithi tamu sana. Tatizo lake ni kwamba Alabama ilikuwa imeshamsajili mweusi wake wa kwanza mwenye ufadhili, Wilbur Jackson, na siku ile alikuwa jukwaani akitazama, kwa sababu wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza timu kubwa. Mlango haukufunguliwa na mechi moja. Ulifunguliwa na kesi mahakamani, na sheria za haki za raia, na watu walioandamana na kupigwa. Mashabiki tunaupenda ule uongo kwa sababu unatupa sisi sifa: eti tulimwona, tukampenda, tukamkubali.

Chuo cha Texas, kile alichokitamani Bubba, kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1969 kikiwa hakina mchezaji mweusi hata mmoja kwenye timu yake kubwa. Mwaka uliofuata Julius Whittier akaivaa jezi ile.

Na East Lansing je? Kuanzia 1967 mpaka Daugherty alipostaafu 1972, timu ilimaliza msimu mmoja tu ikiwa imeshinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza, ule wa 1971, nao kwa tofauti ya mechi moja: ushindi 6, kufungwa 5. Kushuka kwa timu kuna sababu nyingi, sitaki kukudanganya. Ila moja iko wazi: vijana wa Beaumont na Fayetteville sasa waliweza kubaki kwao. Kilichokuwa huzuni kwa shabiki wa Lansing kilikuwa haki kwa mama wa Texas, ambaye sasa angeweza kwenda kumwona mwanawe akicheza Jumamosi, na kurudi nyumbani kulala.

Nilipolisema hili mezani, mzee mmoja mweupe, mwenye kofia ya kijani ya chuo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sijawahi kulifikiria hivyo." Wa Faili akasema, "Mimi nililifikiria."

Baada ya Kusini kufunguka, usajili wenyewe ukawa biashara. Vyuo vikubwa vilikuwa vinachukua vijana bila kikomo, wengine ili tu wasiende kwa mpinzani. Mwaka 1973 kikawekwa kikomo cha ufadhili 105, kikashushwa pole pole mpaka 85. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tom Lemming wa Chicago alianza kuzunguka nchi kwa gari, akiwatazama vijana wa sekondari na kuchapisha tathmini zao. Miaka ya 1980 zikaja namba za simu za kulipia kwa dakika: shabiki anapiga, anasikiliza sauti iliyorekodiwa ikimwambia nani kamtembelea nani. Ikaja intaneti, zikaja nyota. Leo mtu aliyestaafu kiwandani anaweza kujua uzito wa mtoto wa miaka kumi na sita, urefu wake, kasi yake ya yadi 40, na kama ana mchumba.

Kujua kote huko, lakini swali la deni likawa halijibiwi. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kidogo cha Colorado, Ray Dennison, alifariki baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mjane wake akadai fidia kama mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikasema hapana: chuo hakifanyi biashara ya mpira. Katika miaka hiyo chama cha michezo ya vyuo, chini ya mkurugenzi wake Walter Byers, kilishika neno la kumwita kijana "mwanafunzi-mwanamichezo", na kikalisisitiza kila mahali, ili asije akaitwa mfanyakazi. Byers mwenyewe alipostaafu aliandika kitabu akiukosoa mfumo aliousimamia kwa miaka mingi. Unaona ujanja wa lugha? Kijana ni wetu anapofunga. Akiumia, anakuwa mwanafunzi wa kawaida aliyejikwaa.

Na Bubba Smith, yule tuliyemshangilia aue? Alifariki Los Angeles, Agosti 2011, akiwa na miaka 66. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ule ugonjwa unaoletwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, hatua ya tatu kati ya nne. Jezi yake namba 95 chuo kilishaistaafisha. Hakuna atakayeivaa tena. Ni heshima kubwa. Lakini nilipoisoma ile habari ya ubongo nilijiuliza, katika wale watu elfu themanini, ni wangapi waliisoma?

Wazee waliwahi kuniuliza, nasi kwetu tunapeleka vijana vyuo vya Marekani? Nikawaambia, sana tu, ila kwa miguu ya kukimbia. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania alikimbilia chuo cha El Paso, kulekule Texas, na mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Niliyatamka majina hayo kifua mbele. Nilisema "wetu", bila aibu. Kisha usiku nikajiuliza: Nyambui nimewahi kumfuatilia baada ya ile medali?

Na kuna mmoja wa karibu zaidi. Mdogo wangu alisajiliwa na timu ya vijana ya klabu moja, sitaitaja, akiwa na miaka kumi na sita. Mtaa mzima ulijua. Mimi nilikuwa mpiga debe mkuu. Nikipanda daladala namwambia hata kondakta. Msimu wa pili goti likamalizika. Klabu haikupiga simu. Hilo nililisema kwa uchungu miaka mingi, kila mahali, mpaka siku moja kwenye ile baridi nikakumbuka kwamba hata mimi, kaka yake, baada ya miezi michache niliacha kumuuliza. Nilikuwa nimemtangaza akiwa mchezaji. Akiwa kijana mwenye goti bovu anayeshinda nyumbani, sikujua niseme nini, nikanyamaza.

Mambo yamebadilika tangu ile asubuhi. Siku ya kusaini, kwa wengi, imehamia Desemba tangu 2017. Tangu 2018 kuna mfumo wa wazi wa mchezaji kujiandikisha anapotaka kuhama chuo. Tangu Julai 2021 kijana anaruhusiwa kupokea pesa za matangazo kwa jina na sura yake, na 2025 mahakama imeidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo wao, kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Hata ile karatasi ya kusaini iliyoanza 1964 imefutwa. Siku hizi nikiongea na yule mzee wa kofia ya kijani kwa simu, analalamika: vijana hawana uaminifu tena, leo wako hapa kesho pale, wanafuata pesa. Huwa namsikiliza kwa sababu ni mkubwa wangu. Ila moyoni nasema: mzee, uaminifu ulikuwa wa upande mmoja tangu mwanzo. Webster na wenzake walijaza uwanja wa watu elfu themanini, na walilipwa chumba na chakula. Sasa hivi angalau kijana naye anaweza kusema "yangu".

Nikurudishe mezani, nimalizie.

Siku ile ya Februari, majina yalipoisha, mzee aliikunja ile karatasi, akafungua begi lake, akatoa faili kuukuu la kahawia. Ndani mlikuwa na orodha za miaka ya nyuma, kila mwaka karatasi yake. Akanipa moja nitazame, ya miaka ya tisini. Pembeni ya kila jina alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa miaka tofauti, maana rangi ya risasi haikufanana: huyu alihitimu. Huyu goti. Huyu ni mwalimu Detroit. Huyu alifungwa, ametoka. Huyu alimzika mama yake, nilikwenda. Mengine yalikuwa na alama ya kuuliza tu.

Nikamuuliza anayapata wapi yote haya. Akasema anauliza. Anakutana na watu, anapiga simu, anasoma matangazo ya vifo.

"Kila mtu anajua walivyokuja," akaniambia. "Ukisema wetu, ujue na walikokwenda."

Akaongeza karatasi ya 2014 juu ya nyingine, pembeni tupu kabisa, akafunga faili, akaomba kahawa nyingine.

Jioni ile Michigan, Dar ilikuwa alfajiri. Nilimpigia mdogo wangu. Akashtuka, akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nimepiga kuuliza goti.